Karani na Herufi Sitini na Nne

Jumatano ya kwanza baada ya Idi Ndogo tulimpoteza Karani. Habari alinipa Deo, niliyefanya naye kazi stoo miaka ile. Alipiga simu saa nne asubuhi, nikiwa napanga bidhaa zangu, akasema: "Mama Nuru, uko wapi? Umekaa?" Hakunisalimu. Nikakaa chini kabla hajaendelea. Karani alikuwa akituambia kwamba mtu asiyesalimu ama nyumba yake inaungua ama amefiwa, na nyuma ya sauti ya Deo sikusikia kelele za moto.

Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Jina lake sitalitaja. Hata kitambulisho chake cha kazi alikivaa kimegeuzwa, picha na jina vikitazama kifua. Sisi tulimwita Karani, tajiri alimwita Karani, na mkewe nilimsikia kwa masikio yangu akimwita Karani.

Tulikuwa kwenye stoo ya vyombo vya jumla, Kariakoo, mtaa wa pili nyuma ya soko. Sufuria, chupa za chai, sahani za bati, ndoo, beseni. Chini stoo, juu ofisi, katikati ngazi ya mbao yenye vipandio kumi na tisa ambavyo magoti yangu yanavikumbuka hadi leo. Karani alikuja kwetu kutoka shirika moja la umma lililokuwa likigawa bidhaa nchi nzima, mpaka biashara ilipofunguliwa na shirika likafungwa. Jumatatu moja asubuhi alikuta mlango una kufuli mpya. Ndani kilibaki kiti chake, na koti lake likiwa juu ya kiti. Alitusimulia mara moja tu, wakati wa chai, na baada ya hapo kila mtu stoo alijua kwamba mzee huyu anaogopa jambo moja duniani, nalo ni kutolewa kwenye kiti kwa mara ya pili.

Lakini hakuwa mtu wa kulia zama zilizopita. Alilisifu shirika, na hapo hapo angekuambia kwamba kulikuwa na fomu ya kuombea fomu, na ilichukua wiki tatu. Alilisema hilo kwa fahari. Alizidharau chupa za chai zilizoletwa na soko huria, akisema zinavunjika ukizitazama vibaya, lakini nyumbani kwake alikuwa nazo saba.

Tajiri wetu alikuwa Mhindi mzee, mtaratibu. Kila asubuhi aliwasha ubani mbele ya picha ya mungu wake pale juu ya mlango wa ofisi, akafumba macho. Karani alisimama kwenye kipandio cha kumi na nane, kofia mkononi, akangoja. Hakuwahi kumsalimu mtu aliye kwenye ibada. Tajiri akimaliza, Karani anamsalimu kwa Kigujarati, "Kem cho?" Tajiri anajibu, "Majama, Karani. Wewe?" Hapo ndipo siku inaanza. Nadhani wangeweza kuendelea hivyo hadi Kiyama.

Kisha mtoto wa tajiri akarudi kutoka masomoni ng'ambo. Tulimwita Bosi Mdogo, ingawa alikuwa mrefu kuliko baba yake. Akaleta kompyuta, mnara mdogo wa kufunga darini, na mashine sita za mkononi za kusomea ile mistari myeusi inayobandikwa kwenye maboksi. Yeye aliziita skana. Sisi tuliziita bastola, maana zilikuwa na kifyatulio na zilikaa kiunoni kwenye mfuko wa ngozi. Siku ya kwanza Deo alitoka nayo mtaani kufuata chai. Wamachinga wa pale kona walipoona mtu amevaa kiatu kigumu na kitu cheusi kiunoni, wakajua mgambo wa jiji kaja. Mtaa mzima ulikunja turubai kwa kufumba na kufumbua. Deo alirudi na vikombe mikononi akiuliza watu wameenda wapi.

Bastola haikuwa na waya. Unapiga boksi, inalia, na kule juu kompyuta inajua boksi gani limetoka na nani kalitoa. Kompyuta nayo iliweza kukuandikia. Ujumbe ukifika, bastola inalia mara tatu na kuganda; haisomi boksi lolote mpaka ubonyeze kitufe cha kijani kukiri kwamba umeuona ujumbe. Usipobonyeza, namba yako huko juu inakuwa nyekundu. Kujibu haikuweza. Ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kukubali, kama harusi za bibi zetu.

Kazi ya kutuma ujumbe akapewa Karani. Aliitandikia kompyuta kitambaa cha kufuma alichofumiwa na mkewe, cheupe chenye maua ya pinki, na kila asubuhi alikikunja mara nne kabla ya kuiwasha. Bosi Mdogo alimwambia mashine itapata joto. Karani akamwambia, "Hata mimi napata joto, lakini siji kazini uchi."

Sasa, kioo cha bastola kilikuwa na mistari minne, kila mstari herufi kumi na sita. Jumla sitini na nne, pamoja na nafasi. Zinazozidi zinakatwa, na hakuna anayekuambia kwamba zimekatwa. Ujumbe wa kwanza kabisa ulinijia mimi:

ASALAAM ALEYKUM MAMA NURU. NI MATUMAINI YANGU KUWA U MZIMA WA AF

Nikabonyeza kijani. Nikangoja. Hakikuja kingine. Nikapanda ngazi.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba, Mama Nuru. Umepata ujumbe wangu?"

"Nimepata salamu."

"Na sufuria arobaini za namba sita?"

"Sufuria gani?"

Akavua miwani. "Nimeziandika. Ziko baada ya afya."

Bosi Mdogo alimweleza habari ya herufi, taratibu, kwa kuchora kwenye karatasi. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa nikianza na sufuria, salamu nitaiweka wapi?"

"Usiweke salamu, Karani."

Karani alimtazama kama aliyeambiwa aje kazini na taulo. Akasema, "Sawa, bosi," na hakubadilisha kitu.

Sisi wa chini tulizoea. Bastola ikilia na kukusalimu, unajua unaitwa. Unabonyeza kijani, unapanda kusikiliza yaliyokatwa. Bosi Mdogo aliona kwenye ripoti zake kwamba kila ujumbe unakiriwa papo hapo. Akamwambia baba yake mfumo unafanya kazi vizuri ajabu. Mfumo wenyewe ulikuwa miguu yetu.

Tatizo jingine lilikuwa Mzee Salehe, mpakiaji wetu, ambaye alimzidi Karani miaka miwili. Kompyuta iliweza kutuma ujumbe mmoja kwa bastola zote sita kwa mpigo. Lakini Karani angewezaje kuandika HAMJAMBO WOTE na Mzee Salehe yumo? Kwa hiyo alituma wa HAMJAMBO kwa watano, na wa SHIKAMOO kwa mmoja. Mzee Salehe, kwa kuwa bastola haina pa kujibia, aliinua kichwa na kuitikia kwa sauti ya adhana: "Marahabaaa!" Na sisi tukawa hivyo hivyo. Ungeingia stoo yetu ungekuta watu wazima wamesimama kati ya ndoo wakiiambia dari, "Salama!" "Hatujambo!" "Watoto wazima!" Mteja mmoja kutoka Tabora aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa huko juu.

Halafu kulikuwa na ile sehemu ya nyuma, penye marundo ya ndoo za bati, ambako bastola haikushika mnara. Ujumbe ulingoja mpaka utoke huko. Saa kumi jioni Deo alitoka nyuma ya ndoo, bastola ikalia: HABARI ZA KUAMKA. Deo, ambaye kweli alikuwa amelala huko tangu baada ya chakula, akaona ameshikwa. Akapanda mwenyewe kuomba msamaha. Karani alimsamehe kwa maneno mazuri, na hakumwambia kwamba ujumbe ule alikuwa ameuandika asubuhi. Aliniambia mimi, siku nyingine, na akasisitiza nisiseme. Sasa nimesema.

Mtu huyu wa salamu hakupenda kutembelewa nyumbani. "Wageni hukaa," alisema. Alitembea kwa miguu kutoka kivuko cha Magogoni mpaka Kariakoo kila siku, akikatiza Mnazi Mmoja, na aliwasalimu wauza magazeti, mafundi viatu, hata wanasiasa waliokuwa wakifunga vipaza sauti vyao. Lakini ukimwambia Jumapili nitavuka nije Kigamboni nikuone, angekuambia Jumapili ana wageni. Kwa kuwa hakupenda wageni, tulielewa. Aliwasema sana wanaochelewa, ila ukichelewa wewe mwenyewe, alikutafutia sababu kabla hujafungua mdomo.

Bosi Mdogo aligundua mambo yetu siku alipokuwa anashuka ngazi na kukutana na watu wanne wanapanda.

"Mnaenda wapi?"

"Tunafuata ujumbe," alisema Mzee Salehe.

"Ujumbe si uko mkononi mwenu?"

"Mkononi ni salamu, bosi. Ujumbe uko juu."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimwita Karani mbele ya baba yake na kumwambia kwamba wiki ile kuna mzigo wa mteja wa Kongo, lori zima. Siku hiyo hakuna mtu kupanda wala kushuka ngazi, ni ujumbe tu. Mzigo ukitoka bila kosa, Karani abaki kwenye kompyuta. Kukiwa na kosa, kwenye kiti atakaa Bosi Mdogo mwenyewe, na Karani atatafutiwa kazi getini. Tajiri alitazama ubani wake. Karani akasema, "Sawa, bosi," lakini safari hii alikuwa amevua miwani. Nilimwona, nilikuwa nimeleta chai.

Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu, saa moja na nusu asubuhi, alishuka stoo akiwa amevaa shati jipya. Alianza na Mzee Salehe: shikamoo, umeamkaje, mgongo unasemaje, mke hajambo. Akaja kwa Deo. Akaja kwangu. Alitusalimu mmoja mmoja, kwa mkono, na kwa kila mmoja alimaliza kwa kumwambia: "Hizo ni za siku nzima. Nikikuandikia bila salamu leo, ujue za kwako unazo tayari."

Akapanda. Baada ya muda bastola yangu ikalia: SUFURIA 40 NAMBA 6 MLANGO WA PILI. Herufi chache, na nafasi ikabaki. Tulishangilia kama watu waliofunga bao. Kwa siku tatu stoo ilienda kama maji. Nilimsikia Bosi Mdogo akimsifu. Karani alishuka na kupanda mara moja tu kwa siku, na alianza kuimba kaswida kwa pua.

Sasa nafika kwenye siku ya lori la Kongo, na hapa ndipo palipo pagumu kwangu.

Siku hiyo nilichelewa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na nilipofika saa mbili na nusu nilisema maji yamejaa Jangwani. Maji yalikuwa yamejaa, hilo ni kweli, lakini mimi nilikuwa nimeshavuka zamani. Nilikuwa Mchikichini, soko la mitumba. Siku hiyo walikuwa wanafungua belo jipya la viatu, na usipokuwepo wanapokata kamba, unapata vya kushoto tupu. Wifi yangu alikuwa anaolewa. Nilipata jozi nyekundu, nikaificha kwenye mfuko wa rambo chini ya kanga.

Karani alikuwa ameshasalimu na kupanda. Ngazi zilikuwa zimefungwa kwa amri. Nikachukua bastola yangu, nikaenda mlango wa nyuma ambako lori lilikuwa linangoja, nikaanza kupiga maboksi. Nilikuwa na haraka kwa sababu nilikuwa na hatia, na nilipiga mistari bila kutazama boksi. Chupa za chai na poti za watoto zilikuja kwenye maboksi ya kahawia yanayofanana. Bastola haikujua kwamba za kwenda Kongo ni chupa; kujua hilo ilikuwa kazi ya aliye juu.

Yaliyotokea juu alinisimulia Bosi Mdogo mwenyewe, miaka mingi baadaye, akicheka, ingawa siku ile hakucheka. Karani aliona kwenye kompyuta kwamba napakia poti. Mara moja akaandika: MAMA NURU SIMAMA HIZO NI POTI. Kidole kikafika kwenye kitufe cha kutuma, kikakaa hapo hapo.

"Tuma," alisema Bosi Mdogo.

"Huyu sijamsalimu leo."

"Karani, tuma!"

"Amekuja nimeshapanda, bosi. Maji yalimzuia. Nitamwambiaje mama wa watu simama, na hatujaonana tangu jana?"

"Lori linajaa!"

"Najua, bosi."

Alikuwa anajua. Hilo ndilo linaloniuma. Alijua lori, alijua kiti, alijua geti. Akafuta yote, akaandika upya, haraka kadiri alivyoweza, salamu kwanza na poti baadaye, akatuma kwa matumaini kwamba kwa mara moja vyote vitaenea. Mimi nilichopata ni hiki:

MAMA NURU HABARI ZA ASUBUHI. POLE NA SAFARI. WATOTO HAWAJAMBO? N

Nikabonyeza kijani. Huko juu wakaona kijani, wakajua nimeelewa. Nikaiambia dari, "Hawajambo!" Ngazi zilikuwa na amri, kwa hiyo sikupanda. Nikaendelea na poti. Lori likaondoka saa sita.

Bosi Mdogo hakumfukuza Karani. Alimwambia kwa adabu kwamba makubaliano ni makubaliano. Nilipoitwa kujieleza nilirudia habari ya Jangwani, na Karani, aliyekuwa anakunja kitambaa chake, alisema, "Mvua si kosa la mtu." Nikanyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nikanyamaza.

Alikaa getini wiki moja kwenye kiti cha plastiki. Kisha akaandika barua ya kuacha kazi, kurasa mbili kwa mkono. Bosi Mdogo aliisoma amesimama, kisha amekaa. Alisalimiwa yeye, baba yake, mama yake, na ndugu zake walio Uingereza. Jambo lenyewe lilikuwa mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili.

Poti zilifika Lubumbashi. Mteja alipiga simu, tukangoja matusi. Alisema zimeisha kwa siku mbili, watume lori jingine. Hakuna aliyependekeza Karani arudishiwe kiti kwa sababu hiyo. Bosi Mdogo alikaa kwenye kompyuta na kuandika maneno yake: UKO WAPI. HARAKA. NDOO 20. Watu walibonyeza kijani pale walipojisikia. Mzee Salehe alikuwa anaiacha bastola nyekundu mpaka amalize sigara. Haukuisha mwezi, ikaja HABARI MZEE. NDOO 20. Mzee Salehe akasema anajitahidi huyu kijana, lakini shikamoo bado.

Mimi viatu vile nilivivaa harusini saa moja, vikanibana, nikavivua chini ya meza. Nilivigawa. Uongo wangu nilibaki nao. Nilikutana na Karani mara kadhaa pale Mnazi Mmoja, tukasalimiana kirefu kama kawaida, na kila mara salamu zilipokwisha nilijikuta sina ujasiri uliobaki.

Mwaka jana nikasikia anaumwa kifua. Nikavuka kwenda Kigamboni bila kumpa taarifa, ili asipate nafasi ya kusema ana wageni. Nilimkuta barazani kwake, amekonda, shati limemzidi. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha, na nikaona nikingoja tena nitakuja kumwambia kaburini.

"Karani, siku ile ya lori sikuchelewa kwa mvua. Nilikuwa Mchikichini, wanafungua belo la viatu. Nilidanganya. Kiti chako kilipotea kwa ajili yangu."

Alitazama barabarani. Mama mmoja akapita na ndoo, akamsalimu, Karani akaitikia, akamuulizia mwanawe, akajibiwa. Mama akapita.

"Viatu gani?" akaniuliza.

"Vyekundu."

"Vya kisigino?"

"Kidogo."

"Vilikuenea?"

"Hapana. Vilinibana. Nilivivaa saa moja tu."

Akanigeukia. "Mama Nuru. Mimi nimepelekwa getini kwa viatu ambavyo hata havikukutosha?"

Nikasema ndiyo. Hapo uso wake ukajikunja, nikadhani ni kifua. Kumbe anacheka. Alicheka akikohoa, akajishika mbavu, akapiga goti lake kwa kiganja, mpaka mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

"Huyu," alisema Karani, akinionyesha kwa kidole, "kuna viatu vilimbana sana."

Hakumwambia zaidi ya hapo. Mkewe akanitazama miguuni, akanipa pole. Nikaitikia kwamba nimeshapoa.